Muulize Mwalimu: Kulipinga wazo la Mturuki na heshima ikabaki

Mezani nina barua nne, na zote zinauliza Kituruki: moja ya hapahapa Mtwara, moja ya Lindi, moja ya Masasi na moja ya Kilwa Masoko. Tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili zimeshaingia sebuleni kwetu, wafanyabiashara wanakwenda na kurudi, vijana wanapata nafasi za kusoma huko. Mimi nimekaa Izmir miaka 4, na jambo wanaloliuliza wasomaji hawa, yaani kumwambia mtu kwamba wazo lake hulikubali bila kumuumiza, ndilo lililonitoa machozi mwaka wa kwanza. Kwa hiyo leo nitaachia kalamu ikimbie kidogo.

"Nilimwambia hayır, akanyamaza"

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni msimamizi wa zamu kwenye kiwanda cha kubangua korosho, nje kidogo ya mji wa Mtwara. Amekuja fundi wa Kituruki kutufungia boila na mashine ya kubangulia. Ni mtu mzuri, mchapakazi, kanizidi umri sana. Kiingereza tunabahatisha wote wawili, kwa hiyo nikaanza kujifunza Kituruki kwenye simu. Siku ya tatu akashauri korosho zikitoka kwenye mvuke ziingie mashineni jioni ileile, tusipoteze usiku. Mimi najua zisipolala zikapoa zinavunjika. Nikamwambia, "Hayır, yanlış", yaani hapana, si sahihi. Akanyamaza. Tangu siku hiyo kila nikisema neno ananijibu "tamam, tamam" na kugeuka. Nilikosea wapi, na nilitakiwa nisemeje?*

Marahaba, mwanangu. Nianze na korosho kabla ya lugha: hukukosea. Mama yangu mdogo alibangua korosho kwa mkono miaka mingi, nimekulia kwenye harufu ile. Korosho ikitoka kwenye mvuke ganda lake huwa laini. Ikilala usiku ikapoa, ganda hukakamaa na punje ya ndani hujitenga nalo. Ukiibangua ingali ya moto unapata vipande, na kipande hakiuzwi bei ya korosho nzima. Ujumbe wako ulikuwa wa maana kabisa. Ila chombo ulichoupakia ndicho kilichotoboka.

"Yanlış" ni neno la kalamu nyekundu. Ndilo linaloandikwa kwenye karatasi ya mtihani mwanafunzi akikosa jibu. Umemwambia hivyo mtu mzima, fundi, na bila shaka vijana walikuwa wamesimama pale wanasikia. Kwetu ungemwambia mzee wa kazi "umekosa" mbele ya vibarua? Usingethubutu. Ungezunguka, ungeanza na "mzee wangu". Sasa kwa nini Kituruki tukakitumia kama nyundo? Ni kwa sababu simu inatufundisha maneno, haitufundishi mzunguko.

Na "hayır", ambalo umelifahamu kuwa ni "hapana", lina habari yake. Limetoka kwenye Kiarabu, kwenye neno lilelile lililotupa sisi "heri". Zamani lilikuwa njia ya upole ya kukataa, kama tunavyosema sisi "heri tusiende leo". Waturuki wakalitumia, wakalitumia, upole ukachakaa. Leo likisimama peke yake mwanzoni mwa sentensi, mbele ya mtu aliyekupa ushauri, ni mlango uliofungwa kwa kishindo. Halijawa tusi. Mtu akikuuliza "wewe ni Mkenya?" ukajibu "hayır", hakuna ubaya. Lakini ushauri ni kama sahani aliyokuletea mtu mkononi. Kuisukuma ndiko kunakouma.

Sentensi ambayo ningependa uwe nayo mfukoni ni hii:

"Haklısınız ustam, fındıkta öyle olabilir. Ama acaba kajuyu bir gece dinlendirsek mi?"

Maana yake: uko sahihi fundi wangu, kwenye fındık huenda ndivyo ilivyo, lakini sijui korosho tukizipumzisha usiku mmoja? Kwa matamshi, c ya Kituruki isome kama j yetu, ç ni ch, ş ni sh, na ile ı isiyo na kitone itamke kama i lakini ulimi urudi nyuma na midomo ilale. Kwa hiyo "acaba" utaisoma "ajaba".

Sasa twende nayo polepole, maana kila neno pale limewekwa kwa kazi.

"Hak" ni haki. "Haklısınız" ni "mna haki", kwa wingi, ingawa unamsemesha mtu mmoja. Waturuki wana "sen" kwa rafiki na mtoto, na "siz" kwa mtu unayemheshimu au usiyemzoea, na "siz" hiyohiyo ndiyo "ninyi". Jambo hili lisitutishe watu wa kusini. Wayao wa Masasi hawamsemeshi mzee kwa umoja, humsemesha kwa wingi, na Wamakua vivyo hivyo. Ukishaijua adabu hiyo kwa bibi yako, ya Waturuki umeimaliza nusu. Simu nyingi zinafundisha "sen" kwanza. Wewe kiwandani shika "siz" mpaka mwenyewe akuambie uiache.

"Ustam" ni "fundi wangu". "Usta" ni neno la heshima kwa mtu aliyeiva kwenye kazi ya mikono, nalo ni ndugu wa "ustadhi" wetu. Kama angekuwa mhandisi ungemwita "Mühendis Bey", Bwana Mhandisi, na hapo nadhani huhitaji nikwambie "mühendis" na "mhandisi" wamezaliwa tumbo moja.

Halafu "fındık". Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Fındık ni aina ya kokwa yenye ganda gumu inayolimwa kwenye pwani ya Bahari Nyeusi, mikoa kama Ordu na Giresun, na Uturuki ndiyo nchi inayoongoza duniani kwa zao hilo. Kule kila nyumba inaijua kama sisi tunavyoijua korosho: wanaianika juani, wanaigeuzageuza, wanaikimbiza mvua ikitishia, kama watu wa Tandahimba na Newala na majamvi yao. Mturuki anayefunga mashine za kubangua, mawazo yake mengi yameanzia huko. Kwa hiyo unaposema "kwenye fındık huenda ndivyo ilivyo" unampa ujuzi wake mahali pake pa kukaa. Hujamfukuza, umemkaribisha kiti, kisha ukamwambia kwamba korosho ni mgeni mwingine.

"Ama" hapo ni "lakini". Tahadhari kubwa! Sisi "ama" ni "au", nao "ama" ni "lakini". Niliwahi kusikiliza mkutano mzima nikidhani watu wanapewa chaguo mbili, kumbe kila walipofika "ama" walikuwa wanapingana. Wanalo pia neno "lakin", ndugu halisi wa "lakini" yetu, ila limebaki zaidi kwenye vitabu na hotuba. Kiwandani sema "ama".

"Acaba" ndiyo roho ya sentensi. Ni ndugu wa "ajabu". Mturuki akianza na "acaba" anasema: najiuliza, sijui, hebu tustaajabu pamoja. Halina neno moja kwa Kiswahili, ila linakaa palepale tunapoweka "sijui" ya kwetu, ile ya "sijui tungefanya hivi?" ambayo msemaji anajua vizuri kabisa anachotaka.

Na "dinlendirsek mi". Kiini chake ni kupumzisha, ni neno linalotumika hata kwa unga uliokandwa ukaachwa utulie. Ile "-sek" ni "tuki-", na "mi" inageuza yote kuwa swali: tukizipumzisha? Basi, inaishia hapo. Humalizii "itakuwaje". Sentensi inabaki imening'inia hewani, na anayeishusha chini ni yeye. Kama kitenzi kina sauti ya a itakuwa "-sak mı": "yapsak mı", tukifanya? "Beklesek mi", tukisubiri?

Nilijifunza hilo kwa mama mwenye nyumba wangu wa Izmir, niliyemwita "teyze", mama mdogo, kama wapangaji wote walivyomwita. Tulikuwa wasichana 4 ghorofa moja. Wenzangu wakashauri sikukuu twende Kapadokya kwa basi la usiku. Mimi nilikuwa na mtihani baada ya sikukuu, nikasema "Olmaz." Kamusi yangu iliniambia "olmaz" ni "haiwezekani", nami kweli sikuweza. Lakini "olmaz" ni neno la mzazi kwa mtoto, la askari kwa mpita njia. Wenzangu wakaenda bila mimi na siku 3 baada ya kurudi hawakunisemesha isipokuwa salamu. Teyze akaniita jikoni kwake, akanimiminia chai kwenye kile kibilauri chao chembamba kiunoni, akaniambia nirudie nilichosema. Nikarudia. Akatikisa kichwa. Kisha akasema polepole, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu: "Çok güzel fikir, ama acaba sınavdan sonra mı gitsek?" Wazo zuri sana, lakini sijui twende baada ya mtihani? Tulirudia mpaka chai ikapoa. Nililia, si kwa kugombezwa, bali kwa kuwa ile sauti ilikuwa sauti ya bibi yangu wa Mikindani kabisa, kwa maneno nisiyoyajua. Bibi hakuwahi kumwambia mtu "hapana" kuhusu shamba, posa wala safari. Alisema, "Haya, ni vizuri. Ila sijui wenzangu mnaonaje, mvua hizi zikapita kwanza?" Na mvua zilipita kwanza, kila mara.

Turudi kwako. Ile "tamam, tamam" ya mara mbili mbili siyo "sawa" ya kukubali. Ni "haya, yaishe". Amejitoa kwenye mazungumzo, na hilo ni hatari kwa kazi, maana siku atakapoona kasoro ya kweli kwenye boila hatakwambia. Mwendee. Mpelekee chai wakati wa mapumziko, usimwendee mbele ya vijana, umwambie: "Kusura bakmayın ustam, geçen gün yanlış anlattım." "Kusur" ni kasoro, neno moja na letu. Unamwambia: usitazame kasoro zangu fundi wangu, juzi nilieleza vibaya. Umeliona lile "yanlış"? Umelirudisha, umejivika mwenyewe. Ameshaelewa.

Kisha usimshinde kwa maneno. Mwambie: "İsterseniz iki kasa deneyelim: biri bu akşam, biri yarın sabah." Mkipenda tujaribu kreti 2, moja jioni hii, moja kesho asubuhi. Asubuhi mtahesabu pamoja nzima ngapi na vipande vingapi. Korosho zitasema zenyewe.

Jambo moja nakuomba, mwanangu, na ndilo linaloniuma kwa vijana wetu wengi wanaofanya kazi na wageni. Baada ya fundi kununa, usiamue kwamba dawa ni kukaa kimya. Nimeona watu wetu wakitazama kazi inaharibika wakisema "mwache, ndiye mtaalamu". Wewe ulisema. Ulisema vibaya, lakini ulisema, na hilo lishike.

"Alinisonya dukani kwake"

*Habari za kazi, Mwalimu. Nauza nguo Lindi mjini. Nilikwenda Istanbul mara ya kwanza kufunga mzigo, mtaa wa Laleli. Muuzaji akanishauri nichukue seri nzima ya magauni, saizi zote. Nikamwonyesha kwa vidole nataka saizi 2 tu. Akarudisha kichwa nyuma, akapandisha nyusi, akanisonya! Nilitoka na pesa yangu mkononi, natetemeka kwa hasira. Wenzangu wanasema huenda nilikosea. Nilikosea?*

Dada yangu, pole sana. Hakuna mwanamke wa Lindi ambaye angebaki dukani. Kwetu msonyo unavunja ujirani wa miaka 20, na wengine umewafikisha kwa mjumbe.

Lakini hakukusonya. Ile ni "hapana" ya Kituruki isiyo na maneno. Kichwa kinarudi nyuma, nyusi zinapanda, na ulimi unagonga nyuma ya meno mara moja tu: "cık". Sikiliza tofauti. Msonyo wetu unavutwa, ni mrefu, una dharau ndani yake, na macho yanakwenda pembeni. "Cık" ya kwao ni fupi kama tone la maji, na macho yanaendelea kukutazama. Anaifanya mtoto kwa mama yake akiulizwa kama ana njaa. Anaifanya kondakta ukimuuliza kama basi linafika stendi. Hata hivyo wenyewe hawaifanyi kwa mtu wa kumheshimu sana, kwa hiyo nawe usiige. Ielewe tu inapokujia.

Alichokuwa anakwambia ni kwamba seri haivunjwi. Laleli ni mtaa wa jumla, gauni huuzwa kwa seri, yaani kila saizi moja au mbili kwa pamoja, na wewe ukichukua saizi 2 zinazotembea zaidi yeye anabaki na zile zisizonunuliwa. Unaweza kujaribu kwa adabu: "Seriyi bölsek olur mu?" Tukiigawa seri, itakuwa sawa? Akipiga "cık" tena, basi ndiyo hivyo.

Na wewe usipotaka anachokushauri, usiseme "hayır" wala usitingishe mkono. Sema: "Çok güzel, ama ben bu sefer almayayım." Nzuri sana, ila mimi safari hii niache nisichukue. Hiyo "almayayım" ni lulu. Si "sichukui", wala si "sitaki". Ni kama unaomba ruhusa ya kutochukua. Utaitumia hata mezani wakikuongezea chakula na umeshiba. Ukitoka mlangoni mwambie "Hayırlı işler", kazi zenye heri. Ndiyo, ni "hayır" ileile, na hapo imerudi kwenye heri yake ya zamani. Muuzaji ambaye hukununua kwake ukamwachia heri mlangoni, ukirudi mwaka ujao atakukumbuka.

"Bakarız maana yake nini hasa?"

*Mwalimu shikamoo. Mimi ni binti wa Masasi, nimepata ufadhili wa kusoma Ankara, mwaka wa kwanza ni wa lugha tu. Nina maswali mawili. La kwanza, darasani nikiona mhadhiri amependekeza jambo ambalo silikubali kwenye kazi yangu, namwambiaje? La pili, naongea na Mturuki mmoja mtandaoni kunisaidia kujifunza. Kila nikipendekeza muda wa kuongea anasema "bakarız". Nimetafsiri nikapata "tutaangalia". Mbona hatuangalii?*

Marahaba, binti yangu, na hongera. Mwaka wa lugha usiudharau. Wapo wanaouona kama foleni ya kusubiria masomo halisi, kumbe ndio utakaokubeba miaka yote inayofuata.

Mhadhiri utamwita "hocam", mwalimu wangu. Siyo jina lake, wala siyo jina lake pamoja na "Bey", japo huko ofisini watu huitana hivyo, jina la kwanza kisha Bey kwa mwanamume au Hanım kwa mwanamke. Chuoni ni "hocam" kwa wote, wanaume kwa wanawake. Kisha anza kwa kujishusha wewe: "Hocam, yanılıyor olabilirim ama..." Mwalimu wangu, huenda ninakosea mimi, lakini... Baada ya hapo unaweza kusema jambo zito na likapokelewa. Ukiligeuza likawa "yanılıyorsunuz", "mnakosea", umeharibu, hata ukiwa na ushahidi mkononi.

Vitabuni utafundishwa "Size katılmıyorum", sikubaliani nanyi. Ni sahihi na si tusi; kwenye mdahalo na mkutano rasmi watu wanaisema wakitazamana usoni. Ila kati ya mwanafunzi na mwalimu wake ina ukavu. Ibadilishe kidogo: "Bu konuda size katılamıyorum." Tofauti ni silabi moja, "-mı-" imekuwa "-amı-", na maana imetoka "sikubaliani" ikawa "ninashindwa kukubaliana" katika jambo hili. Unayeshindwa ni wewe. Ile "bu konuda", katika jambo hili, nayo inapunguza mzigo: mengine yote tunakwenda pamoja.

Kuna njia nyingine ninayoiona bora zaidi kwa mtu anayejifunza, kwa sababu ni fupi na haihitaji sarufi nyingi. Uliza tatizo, usilitangaze. Mwalimu anakushauri ukusanye takwimu zako Masasi mwezi Januari. Usimwambie haiwezekani. Muulize: "Peki hocam, ya yağmur yağarsa?" Sawa mwalimu wangu, je mvua ikinyesha? Yeye hajui kwamba Januari barabara zetu za vijijini zina matope mpaka magotini. Atakuuliza, utamweleza, na tarehe ataisogeza mwenyewe.

Swali la pili ni dogo lakini litakuokoa na huzuni nyingi. "Bakarız" ni "tutaangalia", umetafsiri vizuri. Ila ni "tutaangalia" ile ya shangazi yako unapomwomba nauli na hana nia. Mara nyingi ni "hapana" iliyovaa kanzu. "Bir düşüneyim", ngoja nifikirie, inaweza kuwa kweli au la. Mpe siku mbili. "İnşallah" ni kama ya kwetu hasa, inategemea sauti. Mtu aliyekubali atataja saa. Kwa hiyo badala ya kumpendekezea muda tena, mwachie nafasi ya kukukatalia bila aibu: "Müsait değilseniz hiç sorun değil." Kama huna nafasi, hakuna tatizo kabisa. Utashangaa jinsi watu wanavyopumua ukiwapa mlango wa kutokea, na huenda akakwambia ukweli wake siku hiyohiyo.

Na tahadhari ya mwisho kwako, maana utakuwa ugenini. Ukisikia "müsaade" usidhani ni msaada, ingawa yametoka kwenye neno moja la Kiarabu. Kwao ni ruhusa. "Müsaadenizle", kwa ruhusa yenu, ni ufunguo mzuri wa kuingilia mazungumzo kabla hujatoa wazo tofauti. Mimi niliwahi kumwomba mtu "müsaade" nikitaka anisaidie begi, akasogea pembeni akanipisha nipite.

"Huo si unafiki?"

*Mwalimu, nimekuwa nikisoma safu yako tangu mwanzo. Mimi ni mzee, nimefanya kazi bandarini. Unafundisha watu kusema "haklısınız", uko sahihi, kwa mtu ambaye hayuko sahihi. Kwangu huo ni uongo. Mtu aseme ukweli wake. – Kilwa Masoko*

Shikamoo mzee wangu. Umeniuliza swali nililojiuliza mwenyewe, tena kwa muda mrefu, na nakushukuru kwa kuliuliza wazi.

Naomba nikuelewe na nisikubaliane nawe kwa sehemu. Ni kweli, ukimwambia mtu "uko sahihi" ukiwa huoni usahihi wowote, ni uongo, na Mturuki mwenye akili ataugundua kabla ya Mmakonde. Kwa hiyo sharti langu ni hili: "haklısınız" isemwe kwa kile kipande kilicho kweli. Fundi wa korosho alikuwa na haki kwamba usiku mzima ni muda mrefu kwa kiwanda. Hiyo ni kweli tupu, na yule kijana angeweza kuitamka bila kutetereka. Ukikosa hata kipande kimoja cha kweli, usiseme "haklısınız". Sema "Sizi anlıyorum", nawaelewa, au "Öyle de bakılabilir", inaweza kutazamwa hivyo pia. Hayo hayamdanganyi mtu.

Waturuki wana methali, "Tatlı dil yılanı deliğinden çıkarır", ulimi mtamu humtoa nyoka shimoni mwake. Nilipoisikia mara ya kwanza niliruka, maana sisi tunasema maneno mazuri humtoa nyoka pangoni. Sijui nani alimfundisha nani, au kama nyoka ni walewale kila mahali. Lakini angalia, mzee wangu, methali zote mbili zinasema nyoka anatoka. Hazisemi nyoka anabaki ndani tukijidanganya kwamba hayumo. Hapo ndipo ninapotenganisha adabu na unafiki: mnafiki anaondoka na wazo lake mfukoni, mwenye adabu amelitoa likaonekana.

Hata hivyo kuna mahali nakubaliana nawe moja kwa moja, na nilipaswa kumwandikia yule kijana wa kiwandani tangu mwanzo, kwa hiyo namwandikia hapa. Pale boila, mwanangu, ukiona mshale wa mvuke unapanda kuliko unavyostahili, au mtu anashauri kufungua kifuniko kikiwa bado kimebana, au kibarua anataka kushika maganda yenye mafuta bila glovu, usitafute "acaba", usitafute "haklısınız", usimwite "ustam". Mafuta ya ganda la korosho yanachubua ngozi, na mvuke haungoji sentensi iishe. Piga kelele "Dur!", simama. Ni silabi moja, ni amri, na kwa umoja, na kwenye hatari hakuna Mturuki atakayekuuliza kwa nini hukumsemesha kwa wingi. Akishasimama, mkashusha pumzi wote wawili, ndipo umweleze uliona nini.